Mwana wa Marwa Ambaye Hakuzaliwa

Kehancha, jioni

Mwita,

Barua huanza kwa salamu na kujuliana hali. Hali yako naijua. Umeshiba, umenyolewa vizuri, sanduku lako liko mlangoni, na saa hii uko sokoni unaagana na wenzako kama diwani aliyepita bila kupingwa. Salamu basi naziruka. Nimekukasirikia, na naliandika hili hapa juu kabisa ili usihangaike kulitafuta katikati ya mistari.

Mambo ya kufua soksi, kuchemsha maji na kutoazimisha mashati, Boke mama yako amekwisha kukuambia mpaka mate yakamkauka. Sina la kuongeza. Mimi nataka kusema juu ya neno moja ulilolitamka Jumapili, kwenye sherehe ya kukuaga uende chuoni, mbele ya wageni wangu, ukiwa umevaa koti nililokununulia mimi.

Ulisimama. Wazee walikuwa kwenye madawati tuliyoazima shuleni, kina mama wametandika mikeka, chai imekwisha kumiminwa. Kila mtu alitarajia ushukuru kwa Kikuria, au kwa Kiswahili kwa ajili ya wale wageni wa Migori. Wewe ukachagua Kiingereza. Ukanyoosha mkono upande wangu ukasema, "This is my stepmother. My father is in Homa Bay." Mama wa kambo, mimi. Kisha ukakaa. Watu wakapiga makofi. Mzee Nyamohanga alipiga makofi mpaka fimbo ikamdondoka, na hakuwa ameelewa lolote. Boke, aliyekubeba tumboni, naye alipiga makofi. Katika uwanja ule mzima niliyeelewa ni mimi peke yangu, nawe ulilijua hilo, ndiyo maana ukachagua lugha hiyo. Kiingereza nilikufundisha mimi. Nimekunolea kisu miaka yote hiyo, na wa kwanza kukatwa nikawa mimi.

Sasa nitakueleza habari za nyumba hii kama ninayemweleza mgeni, kwa sababu Jumapili ulijifanya mgeni.

Mume wangu alifariki nikiwa mwalimu wa shule ya msingi huko Rodi Kopany, na hakuniachia mtoto. Nilirudi hapa kumzika. Kabla udongo wa kaburi haujakauka, ndugu zake walikuwa wakipima shamba langu kwa hatua na kubishana mpaka upite wapi. Kwetu Wakuria nyumba ya mwanamke isiyo na mwana wa kiume huonekana imezimika, na watu wake huanza kuigawana kabla mwenyewe hajafa. Lakini Wakuria hao hao waliacha mlango. Mwanamke ambaye hakujaliwa mwana anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana kwa jina la mwana ambaye hakumzaa. Watoto wa msichana huyo huwa watoto wa mwana huyo, na nyumba inasimama tena.

Nilitoa ng'ombe. Boke akaletwa. Mama mmoja katika wale waliomsindikiza aliuliza langoni, "Huyu sasa ni mke wa nani?" Nikajibu, "Wa Marwa." Jina hilo nilikuwa nimeliweka moyoni tangu nilipoolewa, nikingoja mtoto wa kulivaa. Hakuna aliyecheka. Wazee walisema Marwa amepata mke mzuri, wakauliza kinywaji kiko wapi.

Kanisani hawakuwa wapole hivyo. Mchungaji aliniita ofisini kwake akafunga mlango.

"Mwalimu, mwanamke ataoa aje? Wewe utakuwa nani kwa huyo msichana? Husband?"

Nikamwambia ndiyo, hasa. Nikamweleza kwamba katika neno hilo "hus" ni nyumba, na ile sehemu ya pili ni mtu akaaye mahali pake na kupamiliki. Mwenye nyumba, basi. Hakuna ndevu mahali popote ndani ya neno "husband".

"Mwalimu, usituletee hiyo Kizungu yako hapa," akasema. Mwezi huo huo jina langu lilisomwa mbele ya watu pamoja na majina ya walevi. Nilikaa pale pale kwenye kiti changu mpaka ibada ikaisha, kwa sababu niliona kuondoka kungewafurahisha.

Hizo maana za maneno nilizitoa kwenye ile kamusi nene unayoijua, iliyoliwa jalada na mchwa, niliyoachiwa na mwalimu mkuu wangu wa Rodi Kopany alipostaafu. Na ulipoanza kwenda nami shule ya hapa nilikohamia kufundisha, tulikuwa na desturi yetu. Kila asubuhi neno moja, kutoka langoni hadi kwenye mlingoti wa bendera. "Breakfast" ni kuvunja mfungo. "Cupboard" ulikuwa ubao wa kuwekea vikombe kabla haujapata milango. "Neighbour" ni mkulima aliye karibu, na hapo ulimtazama jirani yetu mvivu ukasema basi huyu si "neighbour". Siku ya "window" hukutaka kuingia darasani. Nilikuambia kwamba watu wa kale waliliita jicho la upepo, nawe ukauliza kwa nini nyumba ya Boke ni kipofu. Nilimwita fundi akatoboa ukuta. Naandika nikiwa nimekaa kwenye dirisha hilo hilo, maana hapa ndipo mwanga wa jioni unapokaa zaidi.

Na siku nilipouza fahali ili uingie sekondari, nilikufundisha "fee". Asili yake ni ng'ombe. Ulicheka njia nzima. "Kumbe hata wao walikuwa wanalipa na ng'ombe!" Nikakuambia "fellow" naye ni mtu aliyeweka ng'ombe wake pamoja na wako mkawa kitu kimoja. Ulininyooshea mkono kama mtu mzima ukasema, "Then you are my fellow, Mama Mwalimu." Nilifurahi, na sikukuonyesha. Nilikuambia tu utembee haraka.

Nakukumbusha haya si kwa ajili ya kukulainisha. Nakukumbusha ili ujue kwamba mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuniambia Jumapili kwamba neno lilimponyoka.

Tuje kwa Ogola. Alikuwa mchuuzi kutoka kisiwa cha Mfangano, akileta hapa magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki waliokaushwa juani. Boke alimpenda mwenyewe, nami sikupinga. Alikuwa mcheshi, alikuwa na afya, na alikuwa mtu wa kupita. Aliambiwa waziwazi na wazee desturi ilivyo: mtoto atakayezaliwa ni wa Marwa, na yeye hana dai. Alikubali huku akila nyama yangu. Na usije ukawaambia watu chuoni kwamba nimemchukia kwa sababu ni Mjaluo. Wajaluo wa Rodi Kopany walinilisha nilipokuwa mgeni na walikuja mpaka hapa kumlilia mume wangu. Namchukia Ogola kwa sababu ni Ogola.

Wewe ulipozaliwa alikuwa sokoni, mwendo wa kutupa jiwe. Aliuza samaki wake, akafunga magunia, akaondoka. Alizidi kuja kwa miaka, akipita hapa langoni na baiskeli ya boda boda imebeba mzigo wake, akitupungia mkono wewe na mimi sawasawa, kama wateja. Siku uliyotoka jandoni umepakwa unga, umejifunga shuka, na vijana wanakuimbia barabara nzima, mtu mmoja aliuliza kwa sauti, "Mwana wa nani huyu asiyetikisika?" Na soko zima la Kehancha likajibu, "Wa Marwa!" Nilitazama. Ogola alikuwa palepale anapima omena kwa mkebe. Hakuinua kichwa. Leo ana duka la nyavu Homa Bay, ana nyumba ya mawe, na wewe umefaulu mtihani. Amekumbuka.

Alikuja mwezi uliopita ukiwa umeenda Migori kununua sanduku. Nilimpa kiti kwa sababu nina adabu.

"Japuonj," akasema. Kwao hilo ni mwalimu, na alilisema kwa heshima. "Mimi sitaki vita. Ile ng'ombe yote ulitoa kwa kina Boke, mimi nitarudisha. Nipe tu wuoda."

Wuoda, yaani mwanangu. Hilo alilisema bila haya.

"Alipotahiriwa ulikuwa wapi?"

"Hiyo ni mambo yenu. Lakini damu ni damu, mwalimu. Na mimi kwangu sina mtoto. Niko na wasichana tu."

"Damu hata kupe anayo," nikamwambia. "Amejaa damu ya ng'ombe wangu, na sijasikia mtu akimwita mfugaji."

Alisimama akachukua kofia yake. Chai aliiacha. Nilidhani nimemshinda, nikalala vizuri siku hiyo, kumbe alikuwa amekwisha kuzungumza nawe.

Baada ya Jumapili nilikufuata nyuma ya banda la kukaushia tumbaku, nikakuuliza kwa nini. Ulikuwa unapasua kuni wala hukuziacha. Hukuniita Mama Mwalimu. Ulisema, "Mathe, wewe umenilea na mzuka. Kila kitu ni Marwa, Marwa. Marwa hakuwa mtu. Mimi nataka buda, baba mwenye anakohoa. Mtu naweza kusikia akiingia kwa nyumba."

Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo. Limeniuma kuliko lile la Kiingereza, kwa sababu hili lina ukweli ndani yake.

Nilikosea kwa Marwa. Jina lilitosha; wazee hawakunitaka nitoe zaidi ya jina. Mimi nikamtengeneza mtu mzima. Ulipolia kwa sindano, nilikuambia Marwa hangelia. Uliposhika nafasi ya pili, nilikuambia Marwa angeshika ya kwanza. Nilimpa urefu, nikampa sauti nzito, nikamwekea kigoda pale karibu na mlango na kukukataza kukikalia. Hukuweza kumshinda baba huyo. Baba wa wengine hulewa, hukopa, huanguka na baiskeli, na mtoto wake humwona akahema kidogo. Wako hakuwahi kukosea hata siku moja, kwa kuwa hakuwahi kuwapo. Nilifurahia sana kuwa na mwana, Mwita, na katika furaha hiyo nikakutumia wewe kumlea yeye.

Hilo nimelikiri na sitalirudia. Usidhani hasira imeisha.

Jana nilimuuliza Boke anasemaje juu ya safari yako. Alikuwa anapepeta wimbi, na unajua Boke si mtu wa maneno. Akasema, "Mama, mimi niliolewa na jina. Nikazoea. Huyu mtoto hataki kuzoea, na mimi siwezi kumpiga juu ya hiyo." Nikamuuliza kama aliwahi kutaka kwenda Homa Bay mwenyewe. Akasema, "Nilitaka sana. Zamani." Akaendelea kupepeta. Nimekaa na mwanamke huyo uani tangu akiwa msichana, nikamfundisha kusoma, nikamtetea mbele ya shemeji zangu, na sikuwahi kumuuliza swali hilo. Nalisema kwako kwa sababu wewe nawe unaondoka bila kumuuliza lolote. Unadhani ugomvi huu ni wako na wangu.

Boke ndiye aliyeniambia mengine. Kwamba kabla ya kuripoti chuoni utalala Homa Bay. Kwamba mbuzi amekwisha kufungwa, na jamaa wa Mfangano watavuka ziwa kuja kukuona. Kwamba Ogola atakupeleka kwa karani wa vitambulisho, na utaandikwa Mwita Ogola.

Nenda. Sikufungi kamba. Kula huyo mbuzi, maana mbuzi hana kosa. Lakini ukiwa mezani, watazame mabinti zake, wale watakaokuletea maji ya kunawa. Uliza majina yao. Sikiliza kama Ogola ataliita hata jina la mmoja wao, au atawatuma kwa kidole. Mtu anayesema hana mtoto huku watoto wake wanampakulia chakula, nawe siku utakapoanguka mtihani atasema hana mtoto. Ninajua ninachokisema. Mimi niliambiwa sina nyumba nikiwa nimesimama ndani yake.

Na sasa lile neno lako.

Nilipotoka kwenye banda la tumbaku nilikwenda kwenye kamusi. Nilitaka kujua umenitukana kiasi gani. Nilikuwa nimedhani, kama ulivyodhani wewe, kwamba "step" ni ile hatua ya mguu, kwamba mama wa namna hiyo ni mama aliyesogezwa hatua moja pembeni. Sivyo. Ni neno jingine kabisa, la kale sana, na maana yake ni kufiwa. "Stepchild" alikuwa mtoto yatima. "Stepmother" ni mwanamke aliyempokea mtoto aliyefiwa. Nilifunga kamusi nikajiuliza, huyu amefiwa na nani? Boke yuko uani anakukaangia karanga za njiani. Ogola yuko Homa Bay anauza nyavu. Mimi niko hapa, na hasira yangu ina afya nzuri. Hakuna aliyekufa. Umenipa jina la msiba ambao haujatokea.

Kwa hiyo sikuruhusu kulitumia. Bado.

Sitaki unijibu kwa barua. "Answer" nilikufundisha ukiwa darasa la sita, na najua hukusahau, kwa sababu ulilipenda: mwanzoni lilikuwa kiapo, alichoapa mtu aliyeshtakiwa akiwa amesimama mbele ya waliomshtaki. Basi mimi nimekushtaki. Karani atakapoinua kalamu na kukuuliza jina la baba, hapo ndipo utakaponijibu. Ogola atakuwa amesimama kulia kwako, anakohoa vizuri kabisa. Kushoto kwako hakutakuwa na mtu. Utachagua.

Ukisema Marwa, urudi likizo, tutakaa, utakikalia kile kigoda cha mlangoni, nami sitasema neno. Nitakuambia kwamba Marwa alikuwa jina tu, la mwanamke aliyeogopa kunyang'anywa shamba, na kwamba angekuwa mtu huenda naye angelia kwa sindano.

Ukisema Ogola, urudi vilevile. Lakini ujue utakachokikuta. Utakuwa umemwondoa katika ulimwengu mwanangu wa pekee, maana hana mahali pengine anapoishi isipokuwa katika jina lako. Wala sitalifumbia macho. Nitanyoa nywele zangu zote. Nitawaita wale wazee waliosema amepata mke mzuri, nitawachinjia, na tutamlilia Marwa siku zote anazostahili mtu mzima mwenye mke na mtoto. Mchungaji akitaka kuja aje, nitamwekea kiti. Boke atavaa nguo za mjane, na hapo atakuwa huru kwenda anakotaka, hata Homa Bay kama bado anataka. Ukiingia langoni utanikuta kichwa kitupu, nimekaa chini. Siku hiyo uniite "stepmother" mbele ya wageni wote, kwa lugha yoyote uipendayo, nami nitaitika. Tutakuwa tumefiwa kweli, wewe na mimi.

Taa inahitaji mafuta na nasikia kicheko chako barabarani. Asubuhi sitakusindikiza hadi steji. Boke atakusindikiza, tembea naye polepole, goti lake linamsumbua, na umuulize lile swali. Ukipita hapa ukutani usiniambie "bye". Hilo ni "goodbye" lililokatwa kichwa. Zima lilikuwa dua, Mungu awe nawe, na mlichokata nyinyi vijana ili muwahi gari ni Mungu. Sema zima au nyamaza.

Nitakuwa nyuma ya dirisha ulilolidai. Nitakusikia.

Ni mimi,
mama yake Marwa